Fimbo za Mwenyekiti Mtarajiwa

Jumanne, 5 Machi
Jumapili tunamsujudia mungu wa mlima atulinde mwaka huu, kisha tunamchagua mwenyekiti mpya wa Chama cha Wapanda Mlima. Sharti niwe mimi. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Nani mwingine atawanyoosha watu hawa? Mpinzani ni Pyo Gil-nam, mstaafu wa benki, mdogo wangu kwa umri. Leo ameinua fimbo zake mpya za kupandia mlima kwa kidole kimoja, mbele ya wote. Akaniambia, "Kaka mkubwa, hizo zako si ungezipeleka zikashikilie hema?" Wakacheka! Utovu wa adabu.

Jumatano, 6 Machi
Sokoni kwa mitumba. Nimepata fito mbili za kuvulia samaki, zile za vipande vinavyoingiana. Mipini: raketi kuukuu za badminton. Ncha: raba za miguu ya kiti. Nyepesi kuliko ngisi mkavu! Mke wangu ameuliza kwa nini jiko linanuka kambare. Nimemjibu kwamba ni sayansi. Amesema, "Basi, Baba Hye-ran, sayansi yako ikanukie nje."

Ijumaa, 8 Machi
Majaribio kwenye ujia wa ghorofa yetu, mlangoni hadi kwenye lifti. Ushindi! Mke wangu ameuliza kama nimeziegemea. Nimemweleza kwamba mtu mwenye nidhamu haegemei kitu. Akashauri nitie gundi kwenye maungio. Gundi! Huongeza uzito.

Jumapili, 10 Machi
Nilipanda kwa madaha, fimbo mkononi, bila kuziegemea. Pyo alizitazama, akageukia kando. Wivu mtupu. Kileleni kichwa cha nguruwe, tambiko la mungu wa mlima, kilikuwa mezani, kinatabasamu, noti za sadaka mdomoni, pombe ya mchele kando. Wagombea tulisimama mbele. Katibu akasoma sala. Akasoma. Akaendelea kusoma. Nikaegemea.

Tak, tak, tak! Vipande vikaingiana. Nikashuka kama lifti mpaka paji la uso likagusa ardhi. Walio nyuma wakadhani kusujudu kumeanza, nao chini! Nikazivuta fimbo, nikainuka. Chini tena. Nao chini. Magoti yakalia kama bawaba. Bibi Myeong, mwanachama mwenzetu, akapiga kelele, "Mwalimu, mungu ameshatuona, tuachie!" Mara ya mwisho nikaigonga meza kwa kichwa. Kichwa cha nguruwe kikabingirika bondeni na sadaka yote. Pyo akakikimbilia, akakidunga kwa fimbo yake ya fahari, akakirudisha juu. Akachaguliwa papo hapo, kwa makofi.

Mimi nimepewa kazi ya kubeba kichwa cha nguruwe hadi kileleni mwakani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelichunguza tukio kwa utulivu. Kosa ni la katibu: sala ilikuwa ndefu mno. Fimbo zenyewe hazikuwa na dosari, ila zilikosa uthabiti. Bahati njema, karibu na kituo cha treni wanauza miavuli iliyosahauliwa na abiria. Chuma chepesi, mpini tayari, na kitufe: ukikibonyeza, mwavuli hufyatuka wenyewe. Nimenunua miwili. Kitambaa nitakibandua. Kitufe nitakiacha, mlimani huenda kikafaa.