Kamati ya Kuthibitisha Kwamba Lori Haliendi

Inatangazwa kwa wananchi wote, na kwa wageni wenye masikio, kwamba kuanzia Jumatatu Kurugenzi ya Umakini wa Kompyuta imewakomboa watumishi wa serikali kutoka utumwa wa michezo ya kompyuta. Ndivyo tangazo lilivyosema. Lilibandikwa mlangoni, likabandikwa kwenye choo cha wanaume, na kwa vile choo cha wanawake kilikuwa kimefungwa tangu Pasaka, likabandikwa juu ya kufuli.

Ukombozi wenyewe ulikuwa hivi. Kompyuta zote za kurugenzi pale Windhoek, mia sita na kitu, ziliondolewa ule mfumo endeshi wa kulipia zikawekewa mfumo huria, ule wenye nembo ya pengwini. Huo ni wa bure. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, hawajuani, wanakosoana kutwa nzima, na hakuna anayewaambia ahsante. Mtu mwenye akili za kawaida angesema tumeuchukua kwa sababu ni wa bure, au kwa sababu hauzimikizimiki. Mkurugenzi, Tate Hamutumwa (kule kwa heshima mwanamume ni Tate, yaani Baba, na mwanamke ni Meme, yaani Mama), hakuwa mtu wa akili za kawaida. Alimwandikia Waziri kwa mkono wake kwamba mfumo huu una sifa moja kubwa kuliko zote: hauchezi michezo. Hata ukiubembeleza. Waziri akafurahi mpaka akaenda kujisifia kwa mawaziri wenzake wa nchi jirani kule Gaborone.

Sasa, aliyezibadilisha hizo kompyuta moja moja, akipiga magoti chini ya meza za watu na vumbi lao, ni fundi mmoja anaitwa Meme Ndinelago. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, mpole, haongei sana. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na mama yake kule Outapi. Siku moja, saa ya chakula, andazi la mafuta mkono huu na kipanya mkono huu, akajaribu kufungua mchezo wa kuendesha lori. Haukufunguka.

Hapa lazima nikwambie mtu wa pengwini alivyo, la sivyo hutaelewa kitu. Mtu wa mfumo wa kulipia, mchezo ukimgomea, anatukana, analala. Mtu wa pengwini ukimgomea, ndiyo kwanza anavuta kiti. Raha yake si lori. Raha yake ni kujua kwa nini lori haliendi. Ndinelago akakaa nalo saa za chakula wiki tatu. Mchezo ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya mfumo ule mwingine, kwa hiyo kuna programu inasimama katikati kama mkalimani. Akabadilisha mkalimani, akamrudisha wa zamani, akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio. Lori likanguruma. Akapeleka mbao mji wa jirani, dakika tisa, akaegesha, akazima. Basi, kamaliza hamu.

Angenyamaza hapo, leo tungekuwa tunazungumza habari za mvua. Lakini watu hawa hawanyamazi. Kuna ukurasa wao mtandaoni, ukifanikiwa kuufungua mchezo unawaandikia wenzako ulivyofanya, wasihangaike kama wewe. Ndinelago akaandika: unaenda vizuri, tumia mkalimani wa zamani, ongeza mstari huu. Fomu ikauliza ni mashine gani. Naye, kwa vile ni mkweli mpaka anatia huruma, akajaza: ya ofisi, Kurugenzi ya Umakini wa Kompyuta, Windhoek, chumba namba kumi na nne.

Mtu wa Brazili akamshukuru. Bibi mmoja wa Polandi akasema na kwake limewaka. Siku ya nne akaitwa kwa Mkurugenzi.

"Keti, Meme," Tate Hamutumwa akasema. Pembeni yake alikaa mwanasheria wa ofisi, Tate Tjikuua, na mama wa masjala, Meme Kaunapawa, mwenye kalamu. "Umecheza mchezo kwenye kompyuta ya serikali?"

"Dakika tisa, Tate. Saa ya chakula."

"Saa ya chakula ni yako. Ila kompyuta yangu haijui saa ya chakula. Hili ni kosa la kufukuzwa."

Mwanasheria akakohoa. "Tate, kuna kijishida. Tukimfukuza kwa kucheza, tumekubali kwamba mfumo unacheza. Na wewe ulimwandikia Waziri hauchezi. Kwa sahihi."

Mkurugenzi akainuka, akaongeza feni, akaketi.

"Basi hakucheza," Mkurugenzi akasema.

"Nilicheza, Tate."

"Meme, hapa nakuokoa. Nisaidie kukuokoa. Futa hayo uliyoandika, andika mchezo haufunguki, urudi kazini kwako. Ukikataa, nakufukuza kwa uongo. Umeidanganya dunia kwamba umecheza."

Ndinelago akamuwaza mama yake. Akaiwaza nyumba. Kisha, haya ndiyo mambo ya watu hawa, akamuwaza yule bibi wa Polandi.

"Siwezi, Tate. Watu wameshafuata mstari wangu. Nikiwaambia haufunguki, watapekua mashine zao wakitafuta kosa ambalo halipo."

"Watu gani?"

"Siwajui."

"Unatupa kazi kwa ajili ya watu usiowajua?"

"Ndio hao hao waliotutengenezea mfumo, Tate. Na wao walikuwa hawatujui."

Jibu hilo likaandikwa kama utovu wa nidhamu. Lakini sheria ya utumishi, alivyoeleza Tate Tjikuua, haimfukuzi mtu kwa uongo mpaka uongo uthibitishwe. Ikaundwa Kamati ya Kuthibitisha Kutochezeka. Mwenyekiti, Mkurugenzi. Wajumbe, mwanasheria na mama wa masjala. Ndinelago akasimamishwa kazi, na akaagizwa afike kazini kila siku saa mbili asubuhi ili kusimamishwa kwake kusimamiwe. Maana mchezo wenyewe hakuna mwingine aliyejua kuuwasha.

Kikao cha kwanza, Mkurugenzi akakaa mbele ya kioo, koti kalifunga vifungo vyote. Lori likawaka, likaondoka, likaacha barabara, likaingia mtaroni likalala ubavu.

"Andika," akasema. "Haliendi."

"Limeenda, Tate," Meme Kaunapawa akasema. "Limeenda mtaroni."

"Andika haliendi inavyostahili."

Zamu ya mwanasheria ikawa kurudi nyuma na tela. Nyie, kurudi nyuma na tela.

"Kata kushoto."

"Nimekata, Tate."

"Huko ni kulia."

"Kwa mujibu wa tela ni kushoto."

"Tela haina mujibu, Tjikuua. Kata upande wa saa yako. Saa yako, mzee. Umeua nguzo."

Meme Kaunapawa akaweka kalamu chini, akawasogeza wote wawili kama anavyosogeza majalada, akakaa, akaegesha mara moja tu. Mume wake aliendesha lori la samaki la Walvis Bay miaka kumi na tisa, na yeye miaka yote hiyo alikuwa kiti cha pembeni akimfundisha. Mkurugenzi akaamuru jambo hilo liandikwe kuwa ni hitilafu ya mtambo.

"Ushahidi hautoshi," akasema akimtoa kwenye kiti. "Tunaendelea kesho."

Wakaendelea kesho. Wakaendelea wiki ya pili, na mwezi wa pili. Kapana ikawa inaletwa kikaoni, nyama ya moto kwenye gazeti, ili kazi ya taifa isisimame. Mwanasheria akachoka akarudi kwenye mafaili yake. Mwenyekiti hakuchoka. Alifungua kampuni humo humo ndani ya mchezo, akaiita Hamutumwa na Wanawe, akaanza na lori moja, akafika thelathini na moja. Alijifunza kuegesha. Alijifunza majina ya miji ya baridi ambayo hajawahi kuiona. Ndinelago kazi yake ikawa kukaa nyuma yake akiwa amesimamishwa, akiulizwa, "Meme, hapa nipite daraja au kivuko?"

"Kivuko, Tate. Daraja lina foleni."

Huko nje nako foleni. Watu wamekuja kubadilishiwa nywila, kuna mzee katoka Rehoboth mara tatu.

"Mkurugenzi yuko kikaoni," karani akamwambia.

"Kikao gani hicho kina honi?" mzee akauliza.

Siku ya arobaini na sita Kamati ikatoa matokeo. Mchezo haufunguki, haujawahi kufunguka, na Meme Ndinelago amesema uongo. Barua ya kumfukuza ikachapwa, ikabaki sahihi ya Waziri. Meme Kaunapawa, ambaye kwa miaka ishirini na saba hajawahi kupeleka ripoti bila viambatisho, akaambatisha orodha ya vikao: nani alikaa kwenye kiti cha dereva, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi.

Waziri alikuja mwenyewe. Msidhani alikuja kutenda haki. Wenzake wa Gaborone walikuwa wamesoma ukurasa ule na walikuwa wanamcheka. Akaingia chumba namba kumi na nne, barua na ripoti mkononi, akamkuta Ndinelago amesimama ukutani na mkoba wake tayari, na Mkurugenzi karibu na mashine.

"Umeandika mchezo haufunguki," Waziri akasema.

"Kabisa, Mheshimiwa."

"Na hapa nyuma imeandikwa umekaa mbele yake saa mia moja tisini."

"Kwa uchungu, Mheshimiwa."

"Ukiangalia nini?"

Tate Hamutumwa akatazama dari. "Kioo, Mheshimiwa. Kioo cheusi. Nilikuwa nakisubiri."

Waziri akapiga hesabu kichwani. Mtu aliyeangalia kioo cheusi saa mia moja tisini ni mjinga, lakini ujinga si kosa la kufukuzwa, ungekuwa kosa ofisi ngapi zingebaki na watu. Akaichukua kalamu. Akaiweka barua ya Ndinelago mezani. Macho ya Ndinelago yakashuka chini.

"Vizuri," Waziri akasema. "Huyu anaondoka. Lakini kabla hajaondoka, futa hiyo takataka. Kama haifunguki, inakaa humo inakula nafasi ya nini? Futa yote, na kila kilichomo."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Ndinelago akasema. Akakaa, akaandika amri, mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Mfumo ule una adabu, unauliza mara moja tu. Akainua kidole.

"Usifute, Meme."

Ilikuwa sauti ya Tate Hamutumwa, ila ndogo, kama inatoka chini ya meza.

Waziri akageuka. "Asifute nini?"

"Nina mzigo njiani."

Meme Kaunapawa alikuwa ameshaanza kuandika. Waziri akaichukua barua ya Ndinelago, akaichana katikati, akaichana tena, akaomba karatasi nyingine safi, akakaa.

"Mzigo gani, Tate? Taja tu. Nataka barua yako niiandike vizuri."

"Samaki, Mheshimiwa," akasema. "Tani ishirini. Wataoza."