Bastola ya Shangazi Orlene

Jumamosi, 4 Oktoba
Shangazi Orlene kapiga simu. Kapiga mwenyewe! Wezi wamevunja banda lake wakaondoka na mashine ya kukatia nyasi. Sasa, mjane wa miaka sabini na sita, anataka bastola ya kutembea nayo ndani ya nguo, mtu asijue. Hajawahi kushika hata manati. Akasema, Lyle mwanangu, wewe mambo haya unayajua. Nikasema nayajua. Nina bunduki moja ya marehemu baba, na msimu wa kuwinda uliopita nilimkosa kulungu aliyesimama. Hakuna haja ya kumsumbua kwa hayo.

Mpango: nimchagulie bastola, nimfundishe kila Jumamosi, kisha twende kula kambale wa kukaanga. Tangu mke wangu Renita aondoke, Jumamosi zangu haziishi. Nazungumza na friji.

Jumatatu, 6 Oktoba
Harlan keshanusa. Huyu ni jirani wa Shangazi, polisi mstaafu, mdomo haupumziki. Nimemkuta barazani kwa Shangazi, kakalia kiti changu, anasema mwanamke apewe rivolva, ile ya silinda ya kuzunguka, habari imekwisha. Nikamwambia kifyatulio cha rivolva ni kizito na vidole vya Shangazi vina baridi yabisi. Akauliza nimejuaje. Nilisoma gazeti kwa kinyozi, lakini nikasema ni uzoefu. Shangazi akasema anashangaa hakuna aliyemuuliza yeye. Tukacheka, tukaendelea kubishana.

Jumatano, 8 Oktoba
Dukani. Nimechagua mimi! Ndogo kuliko zote, nyepesi, mpini wa waridi. Mkono mdogo, bastola ndogo, hata mtoto anaelewa. Muuzaji akauliza kama bibi angependa kujaribu kuikoki kwanza. Nikamjibu bibi ana mimi. Shangazi alikuwa anaiangalia nyingine, kubwa kidogo. Nikamwambia achana nayo, hiyo ya wanaume.

Kaitumbukiza mkobani katikati ya pipi za mnanaa. Kwenye ngazi alinishika mkono. Sijashikwa mkono na mtu tangu Krismasi. Nilishuka polepole makusudi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Uwanja wa shabaha. Siku mbaya. Shangazi hakuweza kuikoki. Alivuta mpaka meno ya bandia yakacheza. Nikaichukua nimwonyeshe inavyopigwa. Kidude kidogo, kiganja kikubwa: nilipofyatua, chuma cha juu kilirudi kwa kasi kikanichana ngozi karibu na kidole gumba. Damu mpaka kwenye shati. Nikaikoki upya, nikampa. Akafyatua moja, ikampiga teke. Akaiweka mezani taratibu, akasema hii si bastola, hii ni nyumbu.

Mwalimu wa pale, mama mmoja aitwaye Marva, kaja na plasta. Akauliza kwa adabu nani aliyeichagua. Shangazi akanitazama, akasema ni mtu wa dukani. Kanisitiri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Marva akasema hayo ni makosa ya kila wiki: waume na wapwa huwaletea akina bibi kidude cha waridi, kumbe bastola ndogo na nyepesi ndiyo yenye teke kali, na ndiyo ngumu kukoki. Akampa Shangazi ya kati, nzito kidogo. Mdomo wa bastola uelekee shabaha, akasema, ilete karibu na kifua, usivute, isukume. Ikakokika kama droo ya jikoni. Risasi zote ziliingia kwenye karatasi. Shangazi akacheka kama msichana.

Ndiyo ile aliyokuwa akiiangalia dukani.

Marva ana darasa la akina mama kila Jumamosi. Wakimaliza wanakula pamoja. Kambale hatukula.

Jumatano, 15 Oktoba
Shangazi kaibadilisha ile ya waridi. Harlan kapiga simu kunisimanga, eti nimekwenda kufundisha nikarudi na plasta. Nikamuuliza, je, yeye na rivolva yake wamealikwa darasani? Akasema hata kwake Jumamosi ni ndefu siku hizi. Nikakata simu. Mtu wa kulialia vile simuwezi.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimepita uwanjani kwa bahati tu. Mara tatu. Shangazi alikuwa nje na wenzake, bakuli la saladi ya viazi mkononi. Bastola iko kwenye ala kiunoni, chini ya sweta, haionekani hata kidogo. Kaniona, kaja kwenye dirisha la gari langu. Akasema, Lyle, nani kakwambia unahitaji bastola ndiyo uje kwangu? Kesho baada ya kanisa naoka nyama. Njoo ule, basi.

Nikamwambia nitaangalia ratiba. Ratiba!

Jumapili, 19 Oktoba
Sikwenda. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, bila sababu. Nimeshinda humu kwenye trela ninamoishi nikimshonea Shangazi mkoba wa kufichia bastola, kwa ngozi ya kiti cha marehemu baba. Una zipu mbili na mfuko wa siri. Mgumu kidogo kufungua, kwa hiyo nitamfundisha mwenyewe. Somo hilo litachukua Jumamosi kadhaa.

Mchana simu iliita sana. Mikono ilikuwa na gundi. Nilipomaliza kunawa ilikuwa imenyamaza. Nimekula maharage ya kopo.

Mkoba nimeupaka rangi ya waridi.