Gari la Gesare na Mlango wa Nehemiah

Jumatatu, 12 Desemba 1977

Wamefika! Mwanangu Nehemiah ni karani mjini Kisii, na kila Desemba yeye, mkewe Persis na binti yao Gesare huja kukaa katika nyumba aliyoijenga hapa kwangu Magwagwa, hatua thelathini kutoka mlangoni pangu. Gesare ana miaka sita. Nimemngoja tangu Agosti. Nimemwekea ndizi mbivu. Nimemwekea miwa. Nimemfundisha jogoo kula mkononi.

Mtoto akaniamkia vizuri, akaniita Sokoro kama wajukuu wote wa huku wanavyomwita babu. Kisha akauliza ataenda Masimba lini.

Masimba ndiko aliko babu yake mwingine, Nyamweya, baba mzazi wa Persis. Ana duka kando ya barabara. Mtu mwenye rafu nzima ya biskuti atashindana vipi kwa haki na mtu mwenye miwa? Mwaka jana mtoto alikaa kwangu siku mbili, kwake kumi na moja. Nyamweya anakuja Jumapili kumchukua tena. Safari hii Gesare hatoki hapa. Sijui nitafanyaje, ila hatoki.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mke wangu Drusilla husoma Biblia ya Kigusii tu. Mwanamume lazima awe na mahali pa siri.

Jumanne, 13 Desemba

Nimepata njia. Gesare amenisimulia kwamba mtoto wa jirani yao mjini ana gari dogo linalokwenda lenyewe. Halina kamba. Halisukumwi. Unashika kisanduku mkononi, unabonyeza, na gari linakutii kutoka mbali. Alipokuwa akisimulia alisahau hata kutafuna muwa.

Basi gari la kwanza la maisha yake litatoka kwa Omwenga wa Magwagwa. Nyamweya na abaki na biskuti zake. Drusilla nimemwambia kesho naenda Kisii kutafuta dawa ya kupe ya ng'ombe.

Jumatano, 14 Desemba

Nimerudi na gari. Dawa ya kupe nimeisahau.

Duka ni la Cleophas, kijana mpole, muuza redio na saa. Alikuwa na magari mawili tu, yaliyotoka Nairobi. La kwanza la manjano, nene, magurudumu makubwa, limekaa kama chura. La pili jekundu, la mashindano, tumbo karibu liguse chini, na rimoti yake ina antena ndefu kuliko mkono wangu. Cleophas aliniuliza mtoto ana umri gani na uwanja wetu ukoje. Akasema gari la kwanza la mtoto liwe la polepole, lisilovunjika likigonga kitu, lenye magurudumu ya kupanda nyasi, na rimoti yenye vitufe viwili tu. Kwa ufupi, la manjano.

Nilimwuliza lipi lina kasi. Akasema jekundu, lakini, "Mzee, hiyo ni ya lami. Kwenu kuna lami?"

Nikamwambia iko njiani. (Serikali iliahidi.)

Nimechukua jekundu. Nikamwomba pia, iwapo mzee mmoja mfupi wa Masimba atapita, amwambie magari yamekwisha kabisa. Cleophas akatabasamu. Naona tumeelewana.

Alhamisi, 15 Desemba

Gesare alipoliona gari alipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. Mikono yote miwili alinizungushia shingoni. Nikajisemea, Nyamweya, umekwisha.

Halafu tukalitia nyasini. Halikwenda. Tumbo lilikaa juu ya nyasi, magurudumu yakazunguka hewani. Tukalipeleka kwenye njia ya ng'ombe, likazama kwenye tope. Tukajaribu penye mteremko chini ya migomba, likabingirika mara tatu na kulala chali. Nehemiah alisema kwa heshima kwamba labda gari hili si la milimani. Nikamwambia tatizo ni mawe.

Mawe yenyewe, yale ya betri ya kuliendesha, yaliisha saa sita. Nikachukua yaliyokuwa ndani ya redio. Saa kumi Drusilla alikuja kusikiliza matangazo ya vifo, redio ikanyamaza. Akauliza nani amekufa. Nikasema leo hakuna.

Gesare aliomba ashike rimoti kidogo. Nikamwambia kesho, kwanza nilijue gari.

Ijumaa, 16 Desemba

Nimegundua gari linataka nini. Linataka simiti. Sakafu yangu ni ya udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama ilivyokuwa ya baba yangu. Katika boma hili lote simiti ni moja tu, laini, imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa. Iko ndani ya nyumba ya Nehemiah.

Na humo siwezi kuingia. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hachungulii. Mvua ya mawe ikimkuta uani pake, atalowa hapo hapo. Ndiyo chinsoni, ile heshima kati yetu na wake za wana wetu, na mimi ni mtu wa heshima.

Nilikaa na jambo hili kwenye kigoda mpaka karibu na jua kutua, Sabato ikiwa mlangoni. Ndipo likanijia. Mimi siingii. Gari linaingia!

Kesho kutwa nitaegemeza ubao kwenye kizingiti cha Nehemiah. Nitakaa uani, mgongo nimeupa mlango, nisione lolote. Gesare atasimama ndani aniambie kushoto au kulia. Nyamweya akifika atakuta mjukuu hataki hata kugeuza kichwa.

Jumamosi, 17 Desemba

Sabato. Gari limepumzika. Mhubiri alifundisha juu ya kiburi. Alihubiri vizuri sana, na nilisikitika kwamba Nyamweya anasali kanisa lingine.

Jumapili, 18 Desemba

Naandika nikiwa nyuma ya ghala la mahindi. Sitaki kuonana na mtu.

Nyamweya alifika saa nne, mfupi, amevaa suti, na boksi kwapani. Akalifungua mbele ya watu. Gari la manjano! Cleophas alikuwa amemweleza yote, mpaka na lile ombi langu kwamba aambiwe yamekwisha. Nyamweya akaliweka nyasini. Likapanda. Likapita kwenye visiki vya migomba, likakanyaga kinyesi cha ng'ombe, likateremka, likarudi. Watu wakapiga makofi. Drusilla pia, mke wangu wa ndoa.

Gesare alimwomba rimoti. Nyamweya akamwambia angoje kwanza ailainishe. Kwa hilo tu tunafanana, ingawa mimi nina sababu.

Kisha akanigeukia, akasema, "Mkwe, hiyo yako iko wapi? Inaogopa umande?"

Nikamjibu kwamba langu ni gari la nyumbani, halichezi na ng'ombe. Nikaegemeza ubao, nikaweka kigoda, nikaupa mlango mgongo. Nyamweya akaketi mbele yangu kutazama. Gesare akaingia ndani. Persis alikuwa jikoni nyuma ya nyumba anapika.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Gari lilipanda ubao na kutua kwenye simiti, nikalisikia likivuma huko ndani. Gesare alicheka kicheko ambacho sikupata kukisikia kwake, kile cha kukosa pumzi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikaongeza kasi.

Mtoto akasema kushoto. Lakini mimi nilikuwa nimegeuka, kushoto kwake ni kulia kwangu, na nilipokuwa nikilifikiria hilo, gari lilikuwa limekwisha kuamua. Akaniambia nisimame. Nikamjibu kwamba gari la mashindano halisimami. Nikasikia mlango wa ndani ukisukumwa, kitu laini kikianguka, kisha kimya. Nikarudisha nyuma. Nikageuza. Nikaongeza kasi tena.

Likatoka. Likashuka ubao mbio, likapita katikati ya miguu yangu, likaenda kusimama kwenye viatu vya Nyamweya. Juu ya gari, limenasa kila upande, lilikuwa gaguro jeupe la Persis, la kuvaa ndani ya gauni, lenye lesi.

Mimi ni baba mkwe wake. Nyamweya ni baba yake mzazi. Tulitazama mbinguni wote wawili kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kuinama. Gaguro lilikaa pale likitetemeka, kwa sababu kidole changu bado kilikuwa kwenye kitufe.

Drusilla alikuja akaliokota, akaenda nalo. Persis amejifungia ndani. Nehemiah ametumwa kumwita mzee Angwenyi.

Jumatatu, 19 Desemba

Mzee Angwenyi, mkubwa wa ukoo wetu, ameshuka na wazee wenzake wawili. Walikaa uani kwangu. Shtaka: kuingia nyumba ya mwana, tena hadi chumbani.

Nilijitetea kama mwanasheria. Nilisema miguu yangu haikuvuka kizingiti. Macho yangu yalikuwa yanamtazama Nyamweya, ambaye si starehe kumtazama. Angwenyi akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba aone rimoti. Akaigeuzageuza. Akaniuliza ni mkono wa nani uliobonyeza. Nikasema wangu. Akauliza gari lilikwenda lilikopenda lenyewe au lilikotumwa. Nikasema lilitumwa. Akasema mtu akimtuma mbwa wake kwa jirani, kuku akiliwa, hatuiti mbwa kwenye kikao.

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia, kabla sijakumbuka niko upande gani.

Hukumu: nichinje mbuzi, tule wote pamoja, na Persis apelekewe nguo mpya kwa mkono wa Drusilla ili heshima irudi mahali pake. Na tangu leo Omwenga asipite mlango wa mwanawe, kwa mguu wala kwa magurudumu. Angwenyi aliyarudia maneno hayo mara mbili ili yakae vizuri.

Kisha akaomba aoneshwe, kwa ajili ya ushahidi tu, jinsi gari linavyoendeshwa. Ushahidi ulichukua karibu saa nzima. Gesare alikuwa amesimama pembeni ameunyoosha mkono akiomba zamu. Mzee akamwambia angoje.

Jumanne, 20 Desemba

Mbuzi ameliwa. Nyamweya, aliyelala kwa Angwenyi ili aone mwisho wa kesi, amekula mbavu zote za upande mmoja. Persis alicheka alipopokea nguo. Nilisikia tu, sikugeuka.

Baada ya chakula Nyamweya alisimama, akasema sasa atamchukua mjukuu wake, barabara ni ndefu. Moyo ulinishuka hadi tumboni, penye mbuzi. Gari langu limeshindwa nyasini, limeshindwa ndani, limenipeleka mbele ya wazee. Nilianza kumtafutia mtoto muwa wa njiani.

Nehemiah akasema mtoto aulizwe mwenyewe.

Gesare alifikiri. Akasema biskuti za Masimba ni tamu. Nyamweya akajaa kifua. Mtoto akasema lakini kule, kila siku ni duka tu. Kwa Sokoro kuna mambo. Hajawahi kuona mtu wa Masimba akishtakiwa. Anataka kukaa hapa mpaka shule ifunguliwe, asije akapitwa na jambo lingine.

Nilikwenda nyuma ya ghala tena. Safari hii nililia kwa raha, peke yangu, nikajipangusa na gunia.

Niliporudi Nyamweya alikuwa bado amekaa na gari lake la manjano magotini, nikamwonea huruma. Nikamwambia naye akae siku mbili, duka lina mtu wa kuuza. Amekubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 21 Desemba

Mawe yameisha katika magari yote mawili. Drusilla aliuliza mbele ya watu kama kuna anayekumbuka mtoto akishika rimoti hata mara moja. Mimi nilimtazama Nyamweya. Nyamweya alinitazama mimi.

Gesare amelifunga gari jekundu kamba ya katani. Amelipakia magunzi matatu ya mahindi, akayapa majina, na kuyavuta mteremko mzima. Limekwenda bila shida. Jioni aliniruhusu kulivuta, mara moja, kutoka mgombani hadi kwenye josho, kisha akasema zamu yangu imekwisha.

Ijumaa, 23 Desemba

Asubuhi Drusilla aliniambia anataka mawe ya redio yake. Nikasema sijui yaliko. Akasema yameandikwa tarehe kumi na tano, pamoja na uongo juu ya vifo. Akaongeza kwamba alisoma Kiswahili shule moja na mimi, dawati la mbele yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kuanzia leo shajara inakaa chini ya kiota cha kuku anayeatamia. Yule kuku hana mzaha.

Nimekwenda Kisii, kununua mawe na ile dawa ya kupe. Mawe nimenunua.

Cleophas anasema Januari ataletewa ndege. Ndege! Inaruka kwa rimoti hiyo hiyo. Ziko mbili: moja ya kujifunzia, ya povu gumu, ya polepole, anasema ndiyo inayomfaa mtoto kwa mara ya kwanza. Nyingine ya rangi ya fedha, ina kasi ya ajabu. Nimemwagiza ya fedha, na nimemwomba asimwambie Nyamweya.

Njiani nimelipima jambo hili kwa utulivu. Dirisha la sebule ya Nehemiah ni pana, na hukaa wazi kwa ajili ya hewa. Wazee walisema mlango, hawakusema dirisha. Walisema mguu na magurudumu. Ndege ina magurudumu mawili madogo chini ya tumbo. Nitayang'oa.