Asukile na Pamba Nyeusi ya Loleza

Mwaka ule wa hamsini na nne, mawingu yote kati ya Mbeya na Iringa yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Asukile wa Ilomba!

Alikuwa amempikia Mzungu wa hali ya hewa pale kiwanja cha ndege, akarudi nyumbani na koti moja na majina matatu. Wingu kama manyoya ya kuku: sirasi. Kama shuka lililotandikwa: stratasi. Kama marobota ya pamba: kumulasi. Basi akawa anatembea anatazama juu, hakuna jiwe la Ilomba ambalo hakujikwaa!

Novemba hiyo mkewe, Tusajigwe, alianika uani kimea cha togwa ya arusi ya binti yao. Yudith, mke wa mwana wao Anania, alimsaidia kukigeuza. Asukile alikaa mbali, nyuma ya migomba, maana kwa Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, wala hawakai chini ya paa moja.

Juu ya mlima Loleza likainuka wingu kama ghorofa.

"Baba Anania! Tuanue?"

"Thubutu! Hiyo kumulasi. Pamba! Umeona wapi pamba ikanyesha?"

"Mbona chini nyeusi?"

"Imetoka Iringa hiyo. Vumbi la njiani!"

"Na inaunguruma."

"Hata mimi nikishiba naunguruma. Nimenyesha?"

Pamba ikapasuka! Mvua ya mawe! Wanawake wakakumba mikeka, wakaingia ndani na kimea chao. Asukile naye mbio, koti kichwani, mpaka mlangoni.

"Simama hapo hapo!" Tusajigwe akafoka. "Mkweo yumo."

"Atoke!"

"Atokee wapi? Mlango ndio huo uliouziba."

"Basi naenda jikoni!"

"Jikoni tuliezua paa jana. Si ulisema hakuna mvua mpaka Krismasi?"

Akarudi migombani, akajitwika jani. Mawe yakalitoboa, yakamhesabu mbavu. Kimea kilipona. Koti halikupona.

Ndani kukasikika kicheko kilichobanwa, kisha Tusajigwe akachungulia.

"Baba Anania! Mkweo ana swali, nalisema mimi kwa niaba yake. Anaomba jina la wingu hilo, apate kuwafundisha watoto."

Meno tu yakigongana.

"Mwambie," Asukile akajibu, "mwambie ni la mvua."