Taya Lililokwama kwa Kujibu Salamu

Kwa Daktari wa Meno,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.

Nakusalimu kwa tahadhari, maana salamu ndizo zilizoniponza.

Mimi ni yule dalali wa mnadani uliyemziba gego Jumatatu asubuhi. Jino halina neno. Linaweza kutafuna vizuri sana, ila taya halifunguki. Tangu niinuke kwenye kiti chako, kiungo kilicho mbele ya sikio kinalia ko! na mdomo unapitisha kijiko cha chai tu, tena kwa ubavu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinipanua mdomo, ukaingiza pamba, bomba la kunyonya mate na vidole viwili, ndipo ukaniuliza habari za nyumbani. Daktari, mimi nimelelewa. Salamu hujibiwa. Nikajibu za nyumbani, za kazi na za mama mkwe, huku nikisukumana na vidole vyako. Taya gani lingestahimili?

2. Mnada umeendeshwa na msaidizi wangu, asiyejua hata kumtania mnunuzi. Aliuza kila kitu kabla ya saa sita mchana. Ni aibu kwa kazi yetu.

3. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amekanyaga kwangu tangu tumzike baba, alisikia kwamba Redio (ndivyo ndugu wanavyoniita) imezimika. Akaja kunijulia hali. Sasa anakuja kila jioni, anavuta kiti, anaongea mpaka chai inapoa, nami siwezi kumkatiza. Ameshamaliza ya utotoni, jana alianza ya mazishi. Kuna mahali anakosea kabisa. Kuna mahali pengine, kwa bahati mbaya, hakosei.

Kwa hiyo naomba unirudishie taya langu upesi, kabla hajamaliza. Na pale ukutani palipoandikwa "Usiteme mate sakafuni", paongezwe "Daktari asisalimie".

Nisalimie wauguzi wote na yule dada wa mapokezi. Kama wana kitu mdomoni, wasijibu.

Wako mwenye maumivu,
Dalali Redio

Tanbihi: Leo alfajiri nimepiga mwayo, taya likafunguka lote, bila hata ko. Sijamwambia mtu. Mdogo wangu anakuja jioni na bado hajafika mwisho. Tafadhali niandikie cheti kwamba nisiongee mwezi mzima. Kigonge muhuri mkubwa, maana ananijua.