Magari Yapande, Nasi Tupande

Jumatatu, 4 Machi
Kura ya nyumba imepigwa leo ofisini. Jengo la ghorofa kumi na mbili tunalichora wenyewe, na Bosi ameturuhusu wafanyakazi tupate nyumba kabla ya watu wa nje. Nimeokota kijikaratasi cha mwisho. Ghorofa ya kwanza, upande wa nyuma. Shemeji, kaka wa mke wangu na mpima ardhi wetu, amepata ya tano, mbele. Kanifariji kwamba lifti ikiharibika mimi sitahangaika. Mke wangu kauliza dirishani kutaonekana nini. Nikamjibu ukuta wa jirani. Nikaongeza kuwa ni ukuta mzuri. Hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Wazo limenijia nikioga. Maegesho ya magari tumeyachora chini ya ardhi. Tukiyapandisha yakae ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, nyumba zote zitasogea juu. Yangu itakuwa ya nne. Bahati mbaya Shemeji naye atapanda hadi ya nane, lakini hakuna zuri lisilo na doa. Nimemwendea Bosi na uso wa kitaalamu. Nikamwambia tukichimba tutakutana na maji. Ushahidi sikuwa nao hata chembe.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi wa udongo kachimba shimo la majaribio asubuhi. Kufika saa sita, vyura wangeweza kuhamia. Nilitaka kumkumbatia. Bosi kanisifu mbele ya watu wote, kaagiza magari yapande. Mke wangu kampigia simu mama yake, atakayekuja kuishi nasi. Mama mkwe keshaanza kuchagua mapazia.

Ijumaa, 8 Machi
Afisa wa mipango miji kaja, mama mpole mwenye kalamu nyekundu. Kasema wapita njia wanastahili kuona maduka na madirisha, si migongo ya magari. Mbele zibaki nyumba kama zilivyokuwa, magari yafichwe nyuma, na jengo lisizidi ghorofa kumi na mbili. Nimemuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikamsogezea na kiti. Nimefika nyumbani, nimevua kiatu kimoja, ndipo nikakumbuka nyumba yangu iko upande gani.

Jumatatu, 11 Machi
Ramani mpya imetoka. Palipokuwa sebule yangu pana nafasi ya gari namba kumi na nne. Chumba cha kulala, kumi na tano. Jiko ni nguzo. Shemeji kanipongeza kwa kupata sebule ya kuingiza lori. Nimemwangukia Bosi. Imebaki nyumba moja tu: ghorofa ya pili, mbele, iliyopakana na njia ya kupandia magari. Nimesaini kabla hajabadili mawazo.

Jioni mama mkwe kaja kuiona ramani. Kavaa miwani, kauliza mshale huu ni wa nini. Nikasema ni pambo.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “pambo hili linaingia chumbani kwangu.”

Jumatano, 13 Machi
Shemeji kajitolea mama akaishi kwake, ghorofa ya tano. Nimejitahidi kuhuzunika. Nadhani nimezidisha chumvi, maana mama mkwe kaguswa, kasema basi atabaki nasi. Mke wangu kanikanyaga mguu chini ya meza. Ikabidi nimweleze mama faida za hewa ya juu kwa nusu saa nzima. Kakubali.

Ijumaa, 15 Machi
Mke wangu kaja ofisini kuitazama nyumba yetu kwenye karatasi. Jua la asubuhi, dirisha la mtaani, ngazi chache. Kasema kweli anaipenda, na kelele za magari atazizoea kama alivyozizoea zangu. Kanishika mkono, kaniomba nisiiguse tena ramani ile. Nimemwahidi, na nilimaanisha.

Ila nimeona jambo. Njia ya magari ikigeuzwa ianzie kushoto, sisi tunapata chumba cha ziada. Ni mstari mmoja tu. Bosi kaenda kula. Kompyuta yake iko wazi.