Duveti la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Mvua. Siku ya tisa bila Karambu. Mke wangu amerudi kwao Timau kwa sababu ya mabati tu! Niliyatoa kwenye paa la jikoni nikaezekea banda la sungura. Sungura wenyewe wakatoroka. Leo mama mkwe amepiga simu. Hakupayuka, na hapo ndipo nilipoogopa. Amesema tangu nimwoe binti yake, blanketi la mahari halijamfikia. Nililete Jumamosi, ndipo tuongee mambo ya Karambu. Nikija mikono mitupu, nisibishe hodi. Akaongeza kwamba la Muchangi bado liko kama jipya. Muchangi ndiye aliyemwoa dada ya Karambu. Mtu wa Embu. Anapiga pasi hata soksi.

Jumanne, 5 Novemba
Wazo! Blanketi kila mtu hununua. Mimi nitapeleka duveti la hariri, la mkono. Kule Kinoru kuna mama anayesokota hariri, anaitwa Makandi. Hutupa vifuko pacha, vile ambavyo viwavi wawili wa hariri wamejifungia pamoja, nyuzi zikasongana hazisokoteki. Amenipa gunia zima. Masharti yake mengi! Nivichemshe na magadi kwa saa tatu. Nitoe wadudu. Nivute hariri kwa mikono iwe nyembamba, nipange tabaka juu ya tabaka. Amerudia mara mbili kwamba wadudu bado wako hai ndani. Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumatano, 6 Novemba
Moto umezimika mara nne. Jiko halina paa, kuni zimelowa chapachapa, ningefanyaje? Nimekaa nikafikiria vizuri. Kuchemsha ni kwa nini? Kulainisha. Na kitu cha kulaliwa hujilainisha chenyewe. Basi nimeshindilia nusu gunia kati ya shuka mbili za maua, nikashona. Linachakacha kidogo. Lakini maridadi!

Jumamosi, 9 Novemba
Timau. Baridi ya kukata masikio. Muchangi alikuwa amefika kabla yangu, na hakualikwa. Mama mkwe akajitanda duveti mabegani, akasogea karibu na jiko la makaa. Akasema ni jepesi na lina joto. Muchangi akatazama soksi zake! Karambu akacheka. Jamani, nimekikosa kicheko hicho.
Mama mkwe alikuwa ameanza kusema kwamba binti anaweza kwenda. Nikaona duveti linatikisika begani. Kisha mgongoni. Mtu hamgusi mama mkwe wake, hiyo kwetu haiko. Kwa hivyo nikakaza macho kwenye kalenda ukutani. Nondo mweupe mwenye manyoya akatokea kwenye mshono, akapanda shingoni polepole. Uuui! Duveti likarushwa. Wakatoka wengine, na shuka ikajaa madoa ya kahawia. Muchangi akajitolea kuwahesabu.
Karambu hakupiga kelele. Aliniuliza kama niliambiwa nichemshe. Nikasema niliambiwa kiasi. Akasema amechoka kuishi na njia za mkato. Nirudishe mabati, nichemshe nusu iliyobaki jinsi nilivyoagizwa, mbele ya Makandi mwenyewe, naye atarudi. La sivyo nimtumie nguo zake. Maneno hayo yamenichoma kweli.

Jumamosi, 16 Novemba
Mabati yamerudi kwenye paa la jikoni. Nilichemsha Jumatatu, kwa muda wa saa tatu kamili, Makandi amesimama hapo na saa yake. Wiki nzima nimevuta tabaka. Magadi yamenichubua vidole vyote. Leo saa nane mchana Karambu ameingia na begi lake. Amebonyeza duveti, amelinusa, akasema sasa hili ni la mama. Kisha akaenda kuwasalimia kuku wake kumi na wawili, mmoja mmoja kwa jina. Nililia. Nilimwambia ni moshi.

Jumapili, 17 Novemba
Karambu yuko kanisani. Nimebakiwa na ndoo nzima ya wadudu waliochemshwa, imefunikwa tangu Jumatatu. Makandi alisema ni chakula kizuri cha kuku, ila niwasuuze magadi yaishe, kisha niwaanike juani siku nne. Siku nne! Na mvua hii? Nataka Karambu akirudi akute kuku wamenona, ajue amerudi kwa mwanaume wa maana. Nimewamwagia ndoo yote vile ilivyo, na maji yake. Wamekula wakamaliza. Sasa wote kumi na wawili wamelala uani, miguu juu. Kushiba huko!